Pesa zimetumwa lakini hazijafika: Mshahara hukwama wapi?

NGOJANGOJA huumiza matumbo. Usemi huu wa wahenga hueleweka vyema katika mtaa wa Pipeline, Embakasi, kila mwezi mpya unapoanza. Katika mtaa huu, ambapo majumba marefu ya kupangisha yamebanana hivi kwamba jua halifikii vyumba vingi vya chini, maelfu ya wapangaji huishi kwa hesabu ya tarehe mbili: tarehe ya mshahara na tarehe ya kodi.

Tarehe ya kodi haina mchezo. Katika ploti nyingi mpangaji hutarajiwa kuwa amelipa kufikia tarehe tano, na anayepitisha siku hiyo hujiweka katika hatari ya kurejea jioni na kupata kufuli geni mlangoni. Tarehe ya mshahara nayo hupanda na kushuka. Mwajiri husema ametuma pesa. Benki husema haijaona kitu. Msimamizi wa ploti naye hataki kusikia habari za mitambo ya benki.

Aghalabu katika hali kama hii hakuna aliyesema uongo. Mwajiri ametuma kweli, na benki haijapokea kweli. Pesa zipo, ila zimesimama katika mojawapo ya milango kadhaa ambayo mteja wa kawaida hajawahi kuelezwa. Anayeifahamu milango hiyo hujua amwendee nani, amuulize nini na asubiri hadi lini.

Ujumbe hutangulia, malipo hufuata

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba pesa zinapotoka benki moja kwenda nyingine, hakuna noti inayobebwa. Kinachopita ni ujumbe. Benki inayotuma hupunguza salio la mteja wake, kisha huiarifu benki ya pili iongeze kiasi hicho katika akaunti ya mpokeaji.

Hata hivyo, benki ya pili haiwezi kutoa pesa kwa neno tupu. Ikimpa mteja wake pesa kabla yenyewe haijalipwa, na usiku huo benki ya kwanza ifilisike, hasara itakuwa yake. Kwa sababu hiyo kila benki ya biashara nchini huwa na akaunti katika Benki Kuu ya Kenya. Deni baina ya benki mbili huisha pale Benki Kuu inapopunguza akaunti ya moja na kuongeza ya nyingine.

Kwa hivyo kuna saa mbili tofauti: saa ambayo ujumbe uliondoka, na saa ambayo benki zililipana. Mwajiri huhesabu ile ya kwanza, nayo benki ya mfanyakazi huhesabu ya pili. Malalamiko mengi huzaliwa katika pengo lililo kati ya saa hizo.

Hii ndiyo sababu wafanyakazi wawili wanaosimama kwenye mashine moja kiwandani wanaweza kupokea mshahara kwa siku tofauti. Yule aliye na akaunti katika benki ya mwajiri hulipwa siku hiyo hiyo, maana pesa zinatoka ukurasa mmoja wa kitabu na kuingia ukurasa mwingine wa kitabu hicho. Mwenzake aliye na akaunti katika benki tofauti husubiri mpaka benki hizo mbili zimalizane. Hakuna upendeleo hapo.

Njia nne zenye kasi tofauti

Mteja anapoambiwa pesa zimetumwa "kwa benki", anapaswa kuuliza zimetumwa kwa njia gani, kwani zipo njia kadhaa na kila moja ina mwendo wake.

Ya kwanza ni ile ifahamikayo kwa kifupi kama EFT. Hii ndiyo ambayo waajiri wengi wamezoea kulipia mishahara kwa sababu gharama yake ni ya chini. Malipo hayapelekwi moja moja. Hukusanywa kwa mafungu na kupitishwa katika kituo cha pamoja kinachosimamiwa na Chama cha Mabenki Nchini Kenya (KBA), ambako hesabu za benki hulinganishwa.

Mathalan, ikiwa wateja wa Benki A wanawatumia wale wa Benki B jumla ya Sh50 milioni, nao wa Benki B wanawatumia wale wa Benki A Sh45 milioni, hakuna haja ya kuhamisha Sh95 milioni. Benki A huilipa Benki B Sh5 milioni tu na hesabu ikaisha. Utaratibu huu huzipunguzia benki gharama, lakini sharti mafungu yakusanywe kwanza. Pesa zilizoingizwa kwa wakati hufika siku ya kazi inayofuata, na wakati mwingine siku moja zaidi ikiwa benki pokezi itachelewa kuziweka katika akaunti za wateja.

Hundi nazo hupitia kituo hicho hicho. Kabla ya 2011, hundi yenyewe ililazimika kubebwa kutoka tawi hadi tawi. Tangu mwaka huo picha ya hundi ndiyo inayosafirishwa kwa mitambo, na muda wa kusubiri, ambao awali ulikuwa siku kadhaa, ukapungua.

Njia ya pili ni RTGS, ambayo kwa Kenya huendeshwa na Benki Kuu kupitia mfumo uitwao KEPSS. Mfumo huu ulianza kazi Julai 2005. Hapa kila malipo hushughulikiwa peke yake na kwa ukamilifu, na yakishapita hayarudishwi nyuma. Tangu Oktoba 1, 2009, malipo ya Sh1 milioni na zaidi baina ya benki hulazimika kupitia njia hii. Mwenye kiasi kidogo pia anaweza kuitumia, ila ada yake ni kubwa kuliko ya EFT.

Ingawa RTGS husifiwa kwa kasi, nayo ina saa zake. Kwa miaka mingi mfumo huo ulifunguliwa saa mbili unusu asubuhi na kufungwa saa kumi unusu jioni. Kuanzia Julai 1, 2025, Benki Kuu iliongeza muda huo ukawa kutoka saa moja asubuhi hadi saa moja jioni, Jumatatu hadi Ijumaa, isipokuwa sikukuu. Mteja akumbuke kwamba tawi lake huwa na saa ya mwisho ya kupokea maagizo, ambayo hutangulia ile ya Benki Kuu. Isitoshe, benki inayotuma ikiwa haina salio la kutosha katika akaunti yake ya Benki Kuu wakati huo, malipo husimama kwenye foleni.

Njia ya tatu ni Pesalink, iliyozinduliwa Februari 2017 na benki kupitia chama chao cha KBA. Hupitisha kati ya Sh10 na Sh999,999 kwa mara moja, mchana na usiku, hata Jumapili. Siri yake ni kwamba benki zilikubaliana kumwekea mpokeaji pesa papo hapo, huku zenyewe zikimaliza hesabu zao baadaye. Ikichelewa, kwa kawaida ni kwa sababu mitambo ya mojawapo ya benki hizo mbili haifanyi kazi wakati huo.

Ya nne ni kutoka benki hadi simu. M-Pesa, iliyoanzishwa Machi 2007, huwa na kasi kwa sababu mtumaji na mpokeaji wote wamo katika kitabu kimoja cha hesabu, huku pesa zenyewe zikihifadhiwa katika akaunti maalumu za benki. Lakini pesa zinapotoka benki kuingia kwenye simu, vitabu ni viwili, na sharti mitambo miwili iitikiane. Jibu likipotea njiani, benki inaweza kuwa imekata pesa ilhali simu haijapokea chochote.

Pesa kama hizo hazijapotea. Huwekwa kando mpaka vitabu vya pande zote mbili vilinganishwe, jambo ambalo mara nyingi hufanyika kesho yake. Hatari kubwa iko kwa mtumaji mwenye haraka anayerudia kutuma, kisha malipo yote mawili yakapita. Kurejeshewa ya pili huwa kazi ngumu zaidi kuliko kusubiri ya kwanza.

Kalenda inavyogeuza saa chache kuwa siku sita

Benki zinaposema "siku moja ya kazi" hazimaanishi saa 24. Huhesabu siku ambazo mifumo ya kulipana imefunguliwa. Hapa ndipo wengi hukanganyika kuhusu Jumamosi. Tawi huwa wazi hadi adhuhuri, karani yupo dirishani na stakabadhi inapigwa muhuri, lakini RTGS ya Benki Kuu imefungwa. Anayejaza fomu ya RTGS Jumamosi asubuhi anajiandikia malipo ya Jumatatu.

Mfano mzuri ni Pasaka ya 2024, iliyoangukia mwisho wa mwezi. Ijumaa Kuu ilikuwa Machi 29, na Jumatatu ya Pasaka ikawa Aprili 1. Kati ya siku hizo mbili kulikuwa na Jumamosi na Jumapili. Kwa jumla, siku nne mfululizo zilipita bila benki kulipana.

Sasa tuseme mhasibu wa kiwanda fulani katika Eneo la Viwandani, ambako wakazi wengi wa Pipeline huenda kutafuta riziki, alikusudia kutuma mishahara kwa EFT Jumatano, Machi 27, saa nne asubuhi. Angefanya hivyo, pesa zingefika Alhamisi, kabla ya sikukuu. Lakini akashikwa na shughuli nyingine, akazituma Alhamisi saa kumi na moja jioni, baada ya saa ya mwisho ya benki.

Mafungu hayo yangeanza kushughulikiwa Jumanne, Aprili 2, na wafanyakazi wangeona pesa Jumatano, Aprili 3. Mhasibu alikawia kwa siku moja na saa saba. Mfanyakazi akakawia kwa siku sita, zikiwemo siku zote za Pasaka, na kubakiwa na siku mbili tu kabla ya tarehe ya kodi. Iwapo nambari ya akaunti yake ilikosewa na malipo yakarudishwa, tarehe tano ingempita mikono mitupu.

Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri amlipe mfanyakazi wa mwezi mwishoni mwa mwezi. Mwajiri anayejua kwamba mwezi utaishia katika sikukuu hana budi kutanguliza siku ya kutuma, kwa kuwa Pasaka haimjii mtu kwa kushtukiza.

Neno "imetumwa" lina maana nne

Mlango mwingine uko katika ofisi ya mwajiri mwenyewe, na mara nyingi ndio unaosahauliwa. Katika kampuni nyingi hakuna mtu mmoja anayeruhusiwa kutuma pesa peke yake. Mmoja huandaa orodha ya mishahara katika mtambo wa benki, na mwingine, pengine meneja au mkurugenzi, huikagua na kuiidhinisha. Utaratibu huu huzuia wizi. Lakini mkurugenzi akiwa safarini, orodha hulala hapo hapo.

Kwa hivyo mfanyakazi anapoambiwa mshahara "umetumwa", huenda maana yake ni kwamba orodha imeandaliwa, au imeidhinishwa, au imepokelewa na benki, au imelipwa. Ni ile ya nne pekee inayoweza kulipa kodi. Aidha, orodha inaweza kuwa imeidhinishwa ilhali akaunti ya kampuni haina pesa za kutosha, kwa kuwa kampuni nayo inangoja kulipwa na mteja wake.

Ipo njia rahisi ya kutofautisha. Malipo yaliyokwisha kuingia katika mfumo wa benki huwa na nambari ya rejea. Mwajiri anayeweza kuitaja nambari hiyo, pamoja na tarehe na saa, ametuma. Asiyeweza kuitaja, yamkini orodha yake bado iko mezani.

Tarakimu moja tu

Kila benki nchini hutambuliwa kwa nambari yake katika mifumo ya malipo. KCB ni 01, Standard Chartered ni 02, Absa ni 03, Benki ya Ushirika ni 11, nayo Equity ni 68. Nambari hiyo, ile ya tawi na ile ya akaunti ndizo zinazosomwa na mtambo. Jina la mpokeaji, ambalo binadamu hulitazama kwanza, mara nyingi si kipimo cha mtambo.

Ndiyo maana tarakimu moja iliyoandikwa vibaya hutosha kuvuruga mwezi mzima. Ikiwa akaunti hiyo haipo, pesa hurudishwa kwa mtumaji baada ya siku kadhaa, naye hulazimika kuanza upya. Ikiwa ipo na ni ya mtu mwingine, pesa huingia huko, na kuzitoa huhitaji ridhaa ya aliyezipokea au hatua za kisheria.

Mabadiliko ya benki zenyewe pia huleta mkanganyiko. Barclays Kenya iligeuka kuwa Absa mnamo 2020, na mwaka uliotangulia benki za CBA na NIC ziliungana kuwa NCBA. Mwajiri ambaye hajasahihisha kumbukumbu za wafanyakazi wake anaweza kuwa anatuma kwa maelezo yaliyopitwa na wakati.

Kuna pia akaunti iliyolala. Mfanyakazi aliyefungua akaunti katika kazi ya awali na kuiacha kwa muda mrefu bila kuweka wala kutoa pesa, anaweza kukuta benki imeifunga kwa muda. Mshahara wa kazi mpya ukielekezwa huko, hukwama mpaka mwenyewe afike tawini na kitambulisho aifufue.

Pesa zinapozuiwa kwa ukaguzi

Sheria ya kukabiliana na mapato ya uhalifu na ulanguzi wa pesa ya 2009 inaziwajibisha benki kumjua mteja wao na kuripoti malipo yanayotiliwa shaka. Mtu ambaye kwa kawaida hupokea mshahara wa Sh20,000 akitumiwa ghafla Sh900,000, mtambo unaweza kuyasimamisha malipo hayo ili afisa ayatazame. Masharti haya yalizidi kufuatiliwa baada ya Kenya kuwekwa katika orodha ya nchi zinazomulikwa na shirika la kimataifa la FATF mnamo Februari 2024.

Mara nyingi maelezo yake huwa halali kabisa: ni zamu yake ya kupokea mchango wa chama, shamba la nyumbani limeuzwa, au ni malipo ya kuachishwa kazi. Anayetarajia kiasi kisicho cha kawaida afadhali aende tawini mapema na karatasi zake, iwe ni mkataba wa mauzo, kumbukumbu za chama au barua ya mwajiri.

Karani anayejibu kwa mafumbo katika hali hii si lazima awe na dharau. Sheria hiyo hiyo inamkataza kumfichulia mteja kwamba ameripotiwa. La busara ni kumwuliza ni stakabadhi gani zinazohitajika, wala si kumshinikiza aeleze sababu.

Pesa za Ghuba na wikendi mbili

Katika ghorofa za Pipeline wapo wanaotegemea mama, dada au binti anayefanya kazi Riyadh, Jeddah au Dammam. Mchango wa Wakenya walio ng'ambo si mdogo. Kulingana na takwimu za Benki Kuu, mwaka wa 2024 walituma nyumbani takriban Dola 4.9 bilioni za Marekani.

Pesa zinazotumwa kutoka akaunti ya benki ya nje hadi akaunti ya benki ya Kenya huongozwa na SWIFT, mtandao ulioanzishwa Ubelgiji mnamo 1973. Wengi hudhani SWIFT ndiyo inayobeba pesa. La hasha, yenyewe hubeba ujumbe tu. Ikiwa benki ya Riyadh na ile ya Nairobi hazina akaunti baina yao, hutafuta benki wakala ambayo zote mbili zina akaunti kwake. Malipo ya Dola aghalabu hupitia benki za New York, ambako mchana huanza wakati Nairobi inaelekea jioni.

Kila benki katika mlolongo huo ina ukaguzi wake, saa zake na wakati mwingine ada yake. Ndiyo maana mpokeaji anaweza kupata kiasi kilichopungua kuliko kilichotumwa, bila yeyote kuwa ameiba.

Kisha kuna suala la wikendi. Riyadh na Nairobi hutumia saa moja, lakini tangu 2013 wikendi ya Saudi Arabia ni Ijumaa na Jumamosi. Anayetuma Alhamisi jioni hukuta benki za huko zimefunga hadi Jumapili. Jumapili zikifungua, Nairobi na New York zimefunga. Kazi huanza Jumatatu, yaani siku nne baada ya aliyetuma kupiga simu nyumbani kusema pesa ziko njiani. Milki za Kiarabu zilihamishia wikendi yao Jumamosi na Jumapili kuanzia Januari 2022, kwa hivyo anayetuma kutoka Dubai hana pengo hilo.

Msomaji anaweza kuuliza mbona kampuni za kutuma pesa hufikisha kwa M-Pesa ndani ya dakika chache. Jibu ni kwamba kampuni hizo huwa zimeweka akiba ya Shilingi hapa Kenya mapema. Mpokeaji hulipwa kutoka akiba hiyo, nazo pesa za mtumaji hubaki kule mpaka kampuni imalize hesabu zake yenyewe. Siku nne za kusubiri bado zipo. Ila sasa anayesubiri ni kampuni, na huduma hiyo hulipiwa kupitia ada au bei ya kubadilisha sarafu.

La kufanya pesa zikichelewa

Kwanza, mpokeaji aombe kwa mtumaji mambo sita: tarehe, saa, njia iliyotumika, kiasi, nambari ya akaunti iliyoandikwa, na nambari ya rejea. Makosa mengi hugunduliwa hapo hapo kwa kulinganisha nambari ya akaunti tarakimu kwa tarakimu.

Pili, ahesabu siku za kazi, akiondoa Jumamosi, Jumapili na sikukuu. EFT ikipitisha siku mbili za kazi, au RTGS ikilala usiku mmoja, kuna jambo la kuulizia.

Tatu, ufuatiliaji uanzie kwa benki inayotuma. Wengi hupoteza siku nzima wakipiga foleni katika benki yao, ilhali benki hiyo haiwezi kuona kitu ambacho hakijaifikia. Mwenye kuweza kufuatilia ni benki iliyotuma, na mteja wake ni mwajiri. Kwa hivyo mwajiri ndiye anayepaswa kuuliza.

Nne, kwa pesa za ng'ambo, mtumaji aombe benki yake nakala ya ujumbe wa SWIFT. Ndani yake huwa na nambari ya ufuatiliaji yenye alama 36, ambayo huonyesha malipo yamesimama katika benki gani.

Tano, aliyetuma M-Pesa kwa nambari isiyo sahihi apeleke mara moja ujumbe wa muamala huo kwa 456 akiomba urejeshwe. Kila dakika ina uzito, kwani pesa zikishatolewa na aliyezipokea, kuzirejesha huwa vigumu.

Sita, lalamiko liwe la maandishi na mteja apewe nambari ya lalamiko hilo. Benki ikishindwa kulitatua, anaweza kuliwasilisha kwa Benki Kuu ya Kenya, ambayo ndiyo msimamizi wa benki zote.

Matapeli nao hupenda kipindi hiki cha wasiwasi. Ujumbe wa simu unaosema pesa zimeingia si pesa. Mtu aangalie salio lake. Na yeyote anayeomba nambari ya siri au "ada ya kukwamua" malipo ni mwizi. Hakuna benki inayofungua malipo kwa kumuuliza mteja nambari yake ya siri.

Mara chache sana, ucheleweshaji huwa dalili ya tatizo la benki yenyewe. Benki ya Imperial iliwekwa chini ya mrasimu Oktoba 13, 2015, nayo Chase Aprili 7, 2016, na wateja wao wakajikuta hawawezi kutoa wala kutuma pesa. Tangu Julai 2020, bima ya amana humlinda kila mwenye akaunti hadi Sh500,000 benki inapoanguka. Lakini mshahara uliochelewa siku mbili si ishara ya mporomoko, na kukimbilia kutoa pesa zote kwa uvumi hakumsaidii yeyote.

Nani alipie muda?

Nchi kadhaa zimeonyesha kwamba kusubiri huku si lazima. Brazil ilizindua Novemba 2020 mfumo wa Pix unaosimamiwa na benki kuu yake, na malipo baina ya benki hukamilika kwa sekunde chache saa yoyote ya siku. India ilitangulia na mfumo wake wa UPI mnamo 2016. Hapa Kenya, Pesalink imekuwepo tangu 2017, na mshahara wa mkazi wa kawaida wa Pipeline hauzidi kiwango chake.

Kwa hivyo mwajiri anapochagua njia ya polepole, anaokoa ada kidogo kwa kila mfanyakazi. Gharama halisi haifutiki, ila huhamia kwa mpangaji anayekopa kwa jirani ili alipe kodi, au anayekatwa riba na mkopo wa simu aliochukua tarehe nne kwa sababu ya mshahara ulioingia tarehe sita.

Mpangaji hana mamlaka juu ya mitambo ya Benki Kuu wala kalenda ya Riyadh. Alicho nacho ni haki ya kuuliza njia iliyotumika, siku iliyotumwa na nambari ya rejea, na kumwomba mwajiri wake, akiwa pamoja na wenzake, atangulize siku ya kutuma au abadilishe njia. Na akiwa na nambari hiyo mkononi, amwendee msimamizi wa ploti kabla ya tarehe tano, si baada yake. Mwenye stakabadhi husikizwa kuliko mwenye maelezo matupu.